Laptopu Ikipiga Hodi, Iache Ijibiwe

Karibuni, sogeeni mbele, huku hakuna anayeuma. Leo tunazungumzia laptopu inayohama kati ya shule na nyumbani, kisha ikagoma kuingia mtandaoni. Nianze na aibu yangu mwenyewe, ili baadaye mtu asione haya kuuliza.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilirudi nyumbani jioni moja na laptopu ya kazi. Wi-Fi ikashika vizuri, alama ya mtandao imejaa, lakini hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka. Nikazima ruta, nikawasha. Nikabadili nenosiri. Ilipofika usiku wa manane nikakata shauri: nikapiga Windows upya, na picha za miaka miwili zikaenda na maji. Asubuhi fundi wa shuleni akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, proksi uliitoa?" Ni mpangilio wa mtandao wa shule niliouacha umewashwa, nitaueleza mbele. Tiki moja, jamani. Tiki moja ndiyo iliyonikesha.

Laptopu inayohamahama ni mgeni kila inakofika. Ikiingia kwenye mtandao inapiga hodi: kuna mwenyeji hapa? Mwenyeji, ambaye nyumbani huwa ni ruta na shuleni mara nyingi ni seva, anaitikia: ninayo namba hii, waitaka? Laptopu inasema naam, naichukua. Mwenyeji anathibitisha, na papo hapo anaitajia mlango wa kutokea kwenda intaneti, na wa kumuuliza majina ya tovuti. Utaratibu huo unaitwa DHCP, na kanuni zake zinazotumika hadi leo ziliandikwa mwaka 1997. Namba yenyewe ni ya kuazima, muda ukiisha inarudi.

Shida huanza pale sisi tunapomwandikia mgeni majibu mfukoni kabla hajabisha.

Tazameni hapa ukutani. Nimefungua dirisha jeusi la amri la Windows (Command Prompt) nikaandika ipconfig. Achaneni na maneno mengine yote, someni mstari wa IPv4, ndiyo ile namba ya kuazima. Yangu sasa inaanza na 10, kawaida kwa taasisi kubwa. Nyumbani inasoma 192.168. Mafungu hayo yametengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani, ndiyo maana mimi na jirani yangu tunaweza kuwa na 192.168.1.5 kila mmoja kwake na tusigombane.

Ukiona 169.254, hapo laptopu ilipiga hodi hakuna aliyeitikia, ikajipa namba yenyewe. Msiiguse mipangilio kwanza! Kagua waya, kagua nenosiri, uliza wenzako kama wao wanapata. Mara nyingi laptopu yako haina kosa lolote.

Na ukikuta 192.168.1.20 ilhali wenzako wote wanasoma 10, basi kuna siku mtu aliiandika kwa mkono, pengine kwa ajili ya printa, akaisahau. Laptopu iko shuleni lakini inatafuta mlango wa nyumbani. Irudishe kwenye "pata anwani yenyewe", basi. Kama shule yenu inalazimisha namba ya kudumu na nyumbani mnaazima, Windows ina kijisehemu ambacho watu wengi hawakijui: kwenye mipangilio ya IPv4, ukishachagua kupata anwani yenyewe, unatokea ukurasa wa pili wa mipangilio ya akiba. Andika namba ya shule humo. Pasipo na mwenyeji wa kuitikia, laptopu itaichukua hiyo. Wenye Mac mnaweza kutunza seti mbili, moja ya nyumbani na moja ya shule, mkabadili kwa kubofya. Linux huhifadhi mipangilio kwa kila Wi-Fi peke yake, na kwa maoni yangu hapo imewapita wenzake.

Sasa proksi, adui yangu. Proksi ni tarishi: kivinjari hakitoki nje chenyewe, kinamtuma yeye. Shule inakupa jina lake na namba ya mlango wake (port, si ule mlango wa kutokea), mara nyingi 8080 au 3128. Kwenye Windows ukiiandika kwa mkono, haifungwi na mtandao wa shule. Inakufuata mpaka chumbani, na kivinjari kinaendelea kumwita tarishi aliyebaki shuleni. Dalili yake ni kwamba programu nyingine zinafanya kazi, kivinjari ndicho kinachogoma. Mimi siku hizi natumia ujanja mdogo. Firefox ina mipangilio yake ya proksi, unaweza kuiambia isifuate ya mfumo. Basi ya shule nimeiweka humo tu, na kivinjari kingine nimekiacha kitupu kwa ajili ya nyumbani. Lakini kama shule inatoa anwani ya hati ya mipangilio, yaani faili linaloiambia laptopu itumie proksi gani, au laptopu inaweza kuigundua proksi yenyewe, tumieni njia hiyo, ni safi zaidi.

Kuna na wale walioambiwa waandike 8.8.8.8 kwenye DNS, yaani yule wa kumuuliza majina ya tovuti, ili "intaneti iwe na kasi". Google waliianzisha mwaka 2009 na ni huduma nzuri. Ila haijui majina ya ndani ya shule. Seva ya matokeo haitafunguka, na hata ukurasa wa kuingilia Wi-Fi unaweza kugoma kutokea. Ukurasa huo ukigoma, andika anwani inayoanza na http isiyo na s, mara nyingi utajitokeza.

La mwisho ni fupi: Windows ikiuliza mtandao huu ni wa umma au wa binafsi, shuleni sema wa umma. Mafaili yako hayana haja ya kusalimiana na darasa zima.

Nimeongea vya kutosha. Nani ana laptopu inayomsumbua? Wewe wa shati la kijani, ilete hapa mbele. Usinielezee kwanza. Andika ipconfig, utusomee namba.