Neno lililotengwa na sentensi yake: mjadala wa watahiniwa baada ya karatasi ya lugha

Wazee wangu, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mlioziacha baraza za Mkunguni jioni ya leo mkaingia humu ndani ya Ngome ya Lamu kunisikiliza, nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila mmoja wenu amelisikia likipita dirishani kwake, nalo ni zogo la watahiniwa wanaotoka katika mtihani wa Kiswahili, kila mtu akimuuliza mwenziwe, "Wewe uliandika nini?"

Kwa ajili ya wazazi, naanza na karatasi yenyewe. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya sekondari hapa Kenya, ile tunayoiita 102/2, ina alama 80 na hufanywa kwa saa mbili na nusu: ufahamu alama 15, muhtasari 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10. Mwishoni mwa ufahamu hukaa swali dogo linalomtaka mtahiniwa aeleze maana ya maneno kadhaa kama yalivyotumika katika kifungu. Kwa kawaida kila neno huwa na alama moja tu, na nimewahi kuona marafiki wakinuniana siku mbili kwa sababu ya alama hiyo moja.

Jambo ambalo hatulitilii maanani ni kwamba majibu ya karatasi hii huandikwa katika kijitabu kile kile chenye maswali, na kijitabu hukusanywa. Wanafunzi wetu hutoka nje na neno kichwani, lakini sentensi iliyolibeba neno hilo wameiacha ndani. Wanapoanza kubishana, kila mmoja huiunda sentensi hiyo upya, tena huiunda kwa namna itakayolikubali jibu alilokwisha kuliandika.

Nilishuhudia hayo mwaka mmoja baada ya mtihani wa mwigo, nikiwa nimekaa barazani kwangu. Neno lilikuwa "kupwelewa". Mwanafunzi wa kwanza, mwana wa mvuvi, alisema jambo hili halina mjadala, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba chombo hupwelewa maji yanapokupwa kikabaki juu ya mchanga. Wa pili, msichana msomaji sana, alisema maana yake ni kukosa la kusema, na akadai kwamba kifungu kilisema "msemaji alipwelewa". Wa tatu alishikilia kuwa ni sauti kukauka. Waliitana majina, wakaapa, na mzee mmoja aliyekuwa akipita akaongeza maana ya nne ambayo sitaitaja mbele ya hadhara hii. Nilitambua kwamba hakuna aliyekuwa mjinga pale. Kila maana kati ya zile tatu ina msingi wake katika lugha. Walichokikosa ni mstari mmoja wa maandishi.

Sisi wa Lamu tuna mzigo mwingine juu ya huo. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kiamu, lahaja yetu ya hapa Lamu, kilichokuwa kimebeba tenzi kwa karne kadhaa, kikabaki lugha ya nyumbani na ya washairi. Mama wa hapa akisema kijana wake analia, aghalabu anamkusudia mtoto mdogo. Mtahini akiandika "vijana", anawakusudia watu walio katika rika la ujana. Mwanafunzi anayejibu kwa maana ya nyumbani hakukosea lugha, ila amejibu swali ambalo hakuulizwa, na msahihishaji aliyeshika mwongozo hana pa kumwekea tiki.

Walimu wengi huukataza mjadala huu, wakihofia kwamba utawavunja moyo watahiniwa wakati karatasi ya fasihi bado inawasubiri. Hofu hiyo naielewa. Hata hivyo, darasani mwangu sijawahi kuwaona wanafunzi wakililinda jibu kwa hoja kama wanavyolilinda pale nje, na kwa hiyo mimi siukatazi. Nawaomba tu kwamba kabla ya mtu kutamka maana, kwanza aseme sentensi kama anavyoikumbuka, kisha aliweke jibu lake mahali pa lile neno na kuisoma tena kwa sauti. Mara nyingi sikio lenyewe hukataa. Mtu akifanya hivyo hugundua pia kwamba kifungu kikisema "ulipwelewa", jibu linapaswa kuwa "ulikwama", likiwa na ngeli na wakati wake.

Kwa kuwa ulikuwa mtihani wa mwigo, karatasi zilirudishwa wiki iliyofuata, na wale watatu wakaniletea kifungu. Sentensi ilikuwa hivi: "Mradi wa visima ulipwelewa kabla ya mwaka kuisha." Hakukuwa na msemaji, wala sauti, wala bahari. Wote watatu walikuwa wamepata sufuri. Yule mwana wa mvuvi alikuwa ameandika "chombo kukaa mchangani", na nilipomuuliza chombo hicho hufanya nini kikishakaa mchangani, alinijibu kwamba hakiendi mbele wala hakirudi nyuma hadi maji yajae. Akanyamaza, akaisoma sentensi tena, kisha akaomba kalamu.