Adui wa Gitaa Yumo Sandukuni

Kabla sijasema neno, naomba utulivu kidogo msikilize. Ndugu uliyekaa mbele hapo, njoo unishikie upande wa pili. Tulinyanyue sanduku hili hadi usawa wa magoti, tulilaze ubavu, tulirudishe. Polepole, ni zito hilo. Haya, asante.

Mmesikia sauti tatu. Ya kwanza mburuzo mzito: hilo ni gitaa lenyewe linahama. Ya pili, chuma kugonga chuma. Ya tatu kama kijiwe kinabingirika, kikaishia kwenye kona. Sasa litazameni kwa nje. Halina mkwaruzo. Bawaba nzima, vibano vinafunga vizuri, kona zimevalishwa bati. Mwenyewe alipoliacha kwangu aliniambia gitaa limeharibika lenyewe. (Kicheko.) Msimcheke sana, maana na mimi niliwahi kusema hivyo hivyo.

Kwa wasiolijua: gitaa la stili lenye pedali halipakatwi. Husimama kwa miguu minne kama meza, mpigaji akaketi nyuma yake. Mkono mmoja unachuna, mwingine unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, miguu inakanyaga pedali, na magoti yanasukuma nyenzo zilizoning'inia chini. Waliowahi kuipenda juju, ule muziki wa Nigeria, ya King Sunny Adé wamekwisha kulisikia, mikononi mwa Demola Adepoju. Babu yake, gitaa la Kihawaii, alikuwa ubao na nyuzi tu. Ulimfunga kwenye blanketi, safari ikaenda. Kisha mwaka 1954 watu wakamsikia mpigaji Bud Isaacs akizipinda noti kwa pedali ndani ya wimbo wa Webb Pierce, mwimbaji wa country wa Marekani, na wapigaji wengi wakazitaka pedali hizo. Kila pedali iliyoongezwa ilikuja na vyuma vyake tumboni mwa gitaa. Tumbo hilo ndilo lililonileta hapa.

Nafungua. Mnaona limelala kifudifudi, nyuzi chini, tumbo juu. Ndivyo masanduku mengi yalivyotengenezwa. Hii mihimili inayokatisha huzungushwa na pedali. Hizi fito zinazokwenda kwa urefu, nene kidogo tu kuliko spoku za baiskeli, ndizo zinazovuta. Zifuate mpaka mwisho wa kulia, mtakuta kila moja ina nati ya nailoni imechungulia kwenye tundu la bamba. Nati hizo ndizo za kuwekea sauti ya pedali. Ile sauti ya kijiwe kubingirika ni moja yao, hii hapa, ilikuwa imenasa kwenye kitambaa cha kona.

Yaliyonipata mimi ni haya. Kile chuma cha kutelezeshea kina uzito wa gramu 200 na ushee, unene kama wa kidole gumba cha mtu mzima. Nilikitia ndani ya soksi, nikakisokomeza kando ya wenzo wa goti, nikajiona mwerevu. Barabara ilikuwa ndefu na mbovu. Kufika, nikapanga miguu, nikafunga pedali, nikakanyaga ya kwanza. Kwa wapigaji wa E9, yaani mpangilio mmoja wa sauti za nyuzi kumi, pedali hiyo hupandisha uzi wa tano kutoka noti ya B hadi C#. Ikapanda, lakini ikapitiliza. Nikaachia, na B haikurudi mahali pake, ikabaki juu kidogo. Nikalaumu uzi. Nikalaumu joto. Nikalegeza nati ya nailoni, B ikakaa sawa, lakini C# ikawa ya kubahatisha: nikikanyaga taratibu yasema hivi, nikikanyaga kwa nguvu yasema vile. Nilipiga usiku kucha nikiukwepa uzi wa tano, jambo ambalo mpigaji yeyote hapa atawaambia ni sawa na kutembea huku unakwepa mguu wako wa kushoto. Kesho yake nikaligeuza. Ufito ulikuwa umepinda, upindo mdogo usiozidi unene wa ukucha. Hakuna mpagazi aliyelitupa. Ni soksi yangu.

Tangu hapo nikiletewa gitaa la namna hii, siangalii nje ya sanduku kwanza. Nauliza: ndani kuna nini kisichofungwa?

Hebu tupige hesabu kidogo, haitaumiza. Gitaa lenye shingo moja, yaani safu moja ya nyuzi, tulichukulie lina kilo 20. Sanduku limeponyoka mkononi kutoka sentimita 30, yaani chini ya goti. Likitua, gitaa lililomo ndani lazima lisimame, na suala ni linasimama katika umbali gani. Likisimama ndani ya sentimita 1, linapokea takriban mara 30 ya uzito wake, kama kilo 600 zimekalia pale linapogusa. Ukilipatia sentimita 3 za kusimamia, zinashuka hadi 200. Kazi ya sponji ni hiyo tu, kununua sentimita. Wengi huweka sponji laini, ile ya godoro, kwa sababu mkono unaipenda. Lakini gitaa likilala tu juu yake, sponji imekwisha kubonyea yote. Pigo likija, sentimita zilishatumika zamani. Ninayoitaka ni ile sponji ngumu ya kufungashia mitambo, yenye vitundu vilivyojifunga, ambayo haifyonzi maji na ukiibana inakurudishia kidole. Kipimo changu mwenyewe: gitaa likilala, sponji isibonyee zaidi ya robo ya unene wake. Na isiwe ngumu kama ubao, maana hapo utakuwa umeweka ubao.

Iwekwe wapi? Hapo ndipo kazi ilipo. Likiwa kifudifudi, vinavyotangulia chini ni vigingi vya kukazia nyuzi, navyo havikuumbwa kubeba hata uzito wa paka. Mzigo lazima ubebwe na mwili wenyewe karibu na mabamba ya mwisho, na vigingi vining'inie hewani. Utajuaje vinaning'inia, ilhali sanduku likifungwa huoni? Mimi natumia udongo wa watoto wa kufinyangia. Nafanya donge kama yai, nafunika kwa nailoni, naliweka sakafuni mwa sanduku chini ya vigingi. Nalaza gitaa, nafunga, nalinyanyua sanduku kidogo na kulibwaga kwa adabu. Nafungua. Donge likiwa na alama ya kigingi na chini yake pamebaki unene wa kidole, nalala usingizi. Likiwa limekuwa chapati, narudi kwenye sponji. Donge jingine nalibandika kifuniko kinapokuja, juu ya vyuma vya tumbo, kwa sababu watu husahau kwamba kifuniko nacho hugandamiza. Kama kifuniko lazima kikandamize mahali, kikandamize kwenye pembe nne, pale zinaposkrubiwa soketi za miguu. Hizo zilitengenezwa kubeba gitaa zima, hazitalalamika.

Sasa, sanduku halikai siku zote lilivyolala mezani hapa. Ukilishika mpini, gitaa limesimama kwa ubavu. Likiingia kwenye gari lililojaa, mtu atalisimamisha wima, na amini usiamini, atachagua upande wa nati za nailoni. Kibandiko cha "dhaifu" sikitegemei. Nimeona mizigo imepangwa juu yake, kibandiko kikisomeka vizuri kabisa pembeni. Kwa hiyo ule upande wa nati natengenezea kitu kama kata, ile ya kubebea mtungi kichwani: mviringo mnene unaokamata kingo za bamba, katikati patupu. Bamba linabeba, nati ziko shimoni hazigusi kitu. Wako wanaoweka mto mzima pale, wakidhani mto mzima ni ulinzi mzima. Mto huo unazisukuma nati ndani kila sanduku linaposimamishwa.

Miguu minne, fito za pedali na ule mwamba wa pedali, kila kimoja kwenye mfuko wake wa kitambaa, kisha chumba chao chenye ukuta wa plaiwudi, mkanda juu. Ukiweza, vitoe kabisa kwenye sanduku. Gitaa la shingo mbili ndani ya sanduku lake hukaribia kilo 30, na mashirika mengi ya ndege hayapokei mzigo mmoja unaozidi kilo 32. Sponji nayo ina uzito. Nimewahi kumwona mtu kwenye foleni akichomoa sponji ili mizani imkubalie huku ameacha miguu ya chuma ndani. Nilimwomba afanye kinyume chake, akanitazama kama nimemtukana.

Jambo la kitambaa nalisema haraka. Sponji ya kawaida ikizeeka humeguka, inakuwa unga unaonata. Unga huo ukikutana na mafuta ya kwenye vidole vya kuvutia nyuzi, unapata uji ambao hausafishiki mpaka ufungue kila kitu. Ukiuona unaanza kudondoka, usingoje. Na gitaa lenye rangi ya nitroselulosi lisilale moja kwa moja juu ya plastiki laini au mpira; rangi itashikana navyo na kuacha alama. Weka kitambaa cha pamba katikati. Ukitoka kwenye baridi ukaingia kwenye ukumbi wenye joto, acha sanduku limefungwa kwa saa moja hivi, la sivyo unyevu wote wa ukumbi utakwenda kukaa juu ya nyuzi na zile fito.

(Swali kutoka ukumbini: kuhusu kulegeza nyuzi kabla ya safari.) Mimi silegezi, mwalimu wangu. Nyuzi kumi za E9 zinavuta zaidi ya kilo 100 kwa pamoja, na mwili umezoea kuvutwa hivyo. Ukilegeza, ukifika utakaza, na utakaza tena baada ya kila wimbo.

Basi tumalizie tulichoanza. Hili hapa nimelirekebisha mchana, sponji na kata zilikuwa pembeni zinangoja. Naweka. Miguu imetoka, ipo kwenye begi lile. Nafunga vibano. Ndugu yangu, shika tena. Juu, ubavu, rudisha.

Mburuzo hakuna. Chuma kwa chuma hakuna. Lakini kuna kitu kimelia, ti, mmekisikia? Tushushe. Nafungua... Ni spana yangu ya alen. Nilikuwa nayo mkononi sasa hivi.