Mfumo Endeshi kwa Kompyuta Mpakato Ndogo: Tuanze na Mashine Yenyewe

Ndugu Mwenyekiti, walimu, wazazi, na ninyi vijana mnaojiandaa kwenda vyuoni,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua toleo la mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta kama vile Windows, kwa ajili ya kompyuta mpakato ndogo, yaani zile za inchi 11 hadi 14 zenye prosesa ya Celeron, ile ya bei nafuu ya Intel, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya GB 32 au 64. Hizi ndizo mashine ambazo wazazi wengi humudu kuzinunua, na kwa sababu hiyo zinastahili kuzungumziwa kwa uzito uleule tunaozipa mashine za bei kubwa. Hoja yangu ni moja: toleo lichaguliwe kwa kutazama RAM, hifadhi na muda uliobaki wa kupokea masasisho ya usalama, wala si kwa upya wake au ukubwa wa jina lake.

Zamani kidogo watengenezaji walitusaidia kuchagua. Asus ilipotoa Eee PC yake ya kwanza mwaka 2007, ikiwa na skrini ya inchi 7, RAM ya MB 512 na hifadhi ya GB 4, iliiwekea Linux, mfumo endeshi wa bure, uliopunguzwa hadi ukatosha humo. Mwaka 2009 Microsoft nayo ilitoa Windows 7 Starter kwa mashine za aina hiyo, toleo lililobanwa kiasi kwamba mtumiaji hakuweza hata kubadili picha ya mandhari. Lilikuwa na kasoro zake, lakini angalau lilitambua kwamba mashine ndogo ina mahitaji yake. Siku hizi Windows 11 Home na Windows 11 Pro zina uzito uleule, na kazi ya kuamua kinachoifaa mashine ndogo imeachiwa mnunuzi.

Niseme wazi kuhusu Pro, kwa sababu vijana wengi huamini kwamba ina kasi zaidi. Haina. Inachoongeza ni nyenzo za kiofisi, kama vile kuunganisha kompyuta na mtandao wa taasisi, kuifikia ukiwa mbali, na kusimamia usimbaji wa diski, yaani kuifunga data isisomwe na wengine, kwa BitLocker. Mwanafunzi anayeandika insha na kusoma PDF hatazigusa. Hata hivyo, akienda kupigiwa Windows mtaani, mara nyingi atawekewa Pro pamoja na programu ya kukraki (kughushi) leseni, ambayo kwa kawaida humtaka kwanza azime kinga ya virusi ili iweze kufanya kazi. Kijana huyo anarudi nyumbani na mashine ambayo mlango wake umefunguliwa kwa makusudi, na ndiyo hiyo hiyo atakayoitumia kuingia kwenye akaunti yake ya benki. Jambo hili linaniuma, kwa sababu leseni halali ya Home huenda ilikuwamo ndani ya kompyuta tangu ilipotoka kiwandani.

Ipo pia hali ya S, ambayo huwekwa na kiwanda kwenye baadhi ya mashine hizi na huruhusu programu za Microsoft Store, duka la programu la Microsoft, pekee. Mnunuzi hujaribu kusakinisha programu aliyopewa na rafiki, inakataa, naye anadhani ameuziwa kifaa kibovu. Kutoka katika hali hiyo ni bure na hufanyika kwa mibofyo michache ndani ya Store yenyewe, ingawa ukishatoka huwezi kurudi tena. Hakuna haja ya kufuta chochote, wala ya kumlipa fundi.

Sasa tuje kwenye hifadhi, kwa kuwa hapa ndipo mashine nyingi ndogo huharibikiwa. Diski inayotangazwa kuwa ya GB 32 huonekana ndani ya Windows kama GB 29 hivi, na mfumo wenyewe ukichukua sehemu yake kubwa, kinachobaki kwa mwenye kompyuta ni kidogo mno. Kisha huja sasisho kubwa la mwaka, ambalo huhitaji GB kadhaa za nafasi ya muda ili lijifungue. Nafasi haipo, sasisho linakwama, mwanafunzi anafuta picha na maandalio yake ya masomo, anajaribu tena, na linakwama tena. Hatimaye anazima masasisho, na kuanzia siku hiyo mashine haina ulinzi. Aina hii ya hifadhi, iitwayo eMMC, mara nyingi imechomelewa kwenye ubao mama, hivyo huwezi kuitoa ukaweka kubwa zaidi kama ambavyo mara nyingi ungefanya kwa SSD, aina ya diski yenye kasi. Kwa mashine ya GB 32, ushauri wangu ni kuachana na Windows kabisa.

Mwenye GB 64 na RAM ya GB 4 amefikia kiwango cha chini rasmi cha Windows 11, lakini atazame pia prosesa: Celeron N4020 imo katika orodha inayokubaliwa, ilhali N3350 haimo. Hata akikubaliwa, naomba awashe kompyuta, asifungue programu yoyote, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha asome sehemu ya kumbukumbu (Memory) kwenye dirisha litakalofunguka. Mara nyingi ataona zaidi ya nusu ya RAM imekwisha kutumika kabla hajafungua hata kivinjari. Kubaki na Windows 10 nako si kimbilio la kudumu, kwani masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na nyongeza waliyotangaziwa watu binafsi iliwekewa ukomo wa Oktoba 2026.

Kwa mashine hizi ninapendekeza Linux Mint, aina ya Linux inayowekwa badala ya Windows, na katika matoleo yake matatu nachagua Xfce, kwa kuwa Cinnamon, pamoja na uzuri wake wote, hula RAM zaidi. Mint 22 itapata masasisho hadi mwaka 2029. Lubuntu, aina nyingine ya Linux, ni nyepesi zaidi, ila Lubuntu 24.04 hutunzwa kwa miaka 3 tu, hadi Aprili 2027. ChromeOS Flex, mfumo wa Google, inamfaa anayefanya kila kitu ndani ya kivinjari na mwenye intaneti ya uhakika, lakini haikubali programu za Android. Wenye mashine kongwe za biti 32 wana njia finyu: hata Debian 13, nayo ya Linux, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chao.

Kuna wanaolazimika kutumia Windows, kwa mfano kwa sababu ya programu ya uhasibu au ya mtihani inayodaiwa na chuo. Waulize chuo kabla ya kununua, na wakijibiwa kwamba Windows ni ya lazima, watafute mashine ya mtumba yenye RAM ya GB 8 na SSD badala ya mpya yenye eMMC.

Wengine wote wanaweza kuiwasha Mint kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kaa nayo jioni nzima: unganisha Wi-Fi, sikiliza sauti, washa kamera, funga kifuniko na ukifungue uone kama kompyuta inaamka, kisha chapisha ukurasa mmoja kwa printa utakayoitumia. Yote yakikubali, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, uhakikishe yanafunguka huko, ndipo usakinishe.