Haiba ya Chapa Kwanza, Rangi Baadaye: Kuandaa Tovuti Mpya ya Biashara

Karibu. Leo tunaandaa haiba ya chapa, yaani tabia ambayo biashara ingekuwa nayo kama ingekuwa mtu, kwa ajili ya tovuti mpya, na kazi yote itaishia kwenye ukurasa mmoja wa maandishi. Mfano wetu ni karakana ya samani ya Keko, Dar es Salaam: vitanda, makabati na meza za mninga, kwa oda na malipo ya awali. Nembo na rangi zisubiri. Ukianza na rangi utachagua unayoipenda wewe, halafu utatafuta sababu za kuitetea.

Hatua ya kwanza. Fungua WhatsApp ya biashara, utafute jumbe 20 za watu waliouliza kabla ya kununua. Kama biashara bado haijaanza, soma maoni ya wateja kwenye kurasa za wanaouza unachotaka kuuza. Nakili maneno yao yalivyo, usiyasafishe. Kisha wekea alama kila ujumbe uliobeba hofu. Kwenye samani hofu zinajulikana: mbao mbichi zitakazopinda au kupasuka zikikauka, fundi aliyekula advansi na sasa wimbo ni "njoo kesho", kitanda kisichofanana na picha. Hofu inayojirudia ndiyo inayoamua chapa yako iongee kama mtu wa namna gani. Anayeogopa kuliwa pesa hatafuti wa kumchekesha. Anamtafuta anayetaja tarehe na kuisimamia.

Hatua ya pili, sifa. Mwaka 1997 mtafiti wa Marekani, Jennifer Aaker, alizigawa haiba za chapa katika makundi matano: ukweli, msisimko, umahiri, umaridadi na ukakamavu. Aliwachunguza walaji wa huko kwao, kwa hiyo usiufanye mgawanyo huo kuwa msahafu, lakini kwa kuanzia unafaa. Chagua kundi moja liongoze na jingine lisaidie. Karakana yetu inaongozwa na umahiri, ukweli unasaidia. Ukitaka yote matano, mwandishi wa tovuti hatajua aandike nini, na kila mtu ofisini atavutia kwake.

Sasa kila sifa iwekee mpaka. Tazama hapa kwenye skrini: "Mjuzi, lakini hamfanyi mteja ajione mjinga kwa kutoijua mninga." "Mkweli, lakini hawasemi vibaya mafundi wengine." "Mchangamfu, ila hatanii kwenye mambo ya pesa." Nusu ya pili ya kila sentensi ndiyo yenye kazi. Maneno kama "bora", "wa kisasa" na "wa kuaminika" yafute kabisa. Hakuna duka litakalojitangaza kuwa duni, la kizamani na la kitapeli, kwa hiyo hayakutofautishi na yeyote.

Hatua ya tatu ni lugha, na hapa usiwe na haraka. Chora safu mbili: tunasema, hatusemi. Jaza angalau jozi 10. Hatusemi: "Tunatoa huduma bora za samani kwa bei nafuu." Tunasema: "Kitanda cha futi 5 kwa 6, mninga iliyokaushwa, siku 14 tangu ulipe nusu." Amua pia kama kitufe kitaandikwa "Agiza" au "Weka oda", kisha neno hilo libaki hilohilo tovuti nzima. Kwenye kitufe, amri fupi haimkeri mtu. Unapomwomba namba ya simu, mwambie ya nini: "Tupatie namba tutakayokupigia kitanda kikiwa tayari."

Lugha ya mtaani? Kwa viatu vya vijana, sawa. Kwa kabati ambalo mama anamnunulia binti yake anayeolewa, hapana, na misemo ya mwaka huu mwakani imeshachuja. Kosa tunaloliona zaidi ni mchanganyiko: ukurasa wa mwanzo unasema "Mambo vipi!", ukurasa wa masharti unasema "Mteja atawajibika kwa mujibu wa kifungu kilichotajwa hapo juu." Masharti nayo yaandike kwa sauti ileile.

Hatua ya nne, mwonekano, itakwenda upesi kwa sababu maamuzi mazito yamekwisha. Rangi kuu moja, ya msisitizo moja kwa ajili ya vitufe, nyingine ziwe nyeupe, nyeusi au kijivu. Fonti zisizidi mbili, maandishi ya kawaida yasishuke chini ya pikseli 16. Utofauti wa mwangaza kati ya rangi ya maandishi na ya nyuma yake uwe angalau uwiano wa 4.5 kwa 1. Kijivu cha kupendeza kwenye kompyuta hakisomeki kwenye simu juani. Picha piga mwenyewe, mchana, kwa mwanga wa dirishani. Picha ya kununua yenye sebule ya Ulaya inamrudisha mteja kwenye hofu ileile ya kitanda kisichofanana na picha.

Hatua ya tano wengi huiruka: andika sehemu zenye habari mbaya kabla ya ukurasa wa mwanzo. Kila chapa ni mpole inapokaribisha. Malipo yakikwama, usiandike "Hitilafu imetokea." Andika: "Malipo hayajakamilika. Kama umepata ujumbe kwamba pesa imekatwa, usilipe tena. Tutumie namba ya muamala." Oda ikichelewa: "Kitanda chako hakitakuwa tayari Ijumaa. Mbao hazijakauka vizuri. Tarehe mpya ni Jumatano." Ikiwa huwezi kuandika hivi bila kuvunja sifa ulizochagua, rudi hatua ya pili. Sifa ndizo zilizokosewa.

Mwisho, jaribu. Tafuta watu watano wasioijua biashara, mwonyeshe kila mmoja ukurasa wa mwanzo kwa sekunde 5 kwenye simu, funga, uliza: "Huyu anayeuza ni mtu wa namna gani?" Usimtajie sifa zako. Watatu wakisema kitu kilicho karibu nazo, endelea. Wakisema "pazuri" tu, anza kukagua kichwa cha habari na picha ya kwanza. Mara nyingi tatizo liko hapo.

Ukurasa huu wa haiba ya chapa mpe pia anayejibu WhatsApp. Mteja akitoka kwenye tovuti inayotaja tarehe, akajibiwa "tutakucheki", kazi yote ya leo imekwenda na maji.