Majina Nyuma ya Vigae: Sanamu ya Kristo Mkombozi

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunapanda mlima Corcovado, Rio de Janeiro, mita 710 juu ya bahari, kumtazama Kristo Mkombozi. Kaka Baraka, umezama humu wiki nzima.

BARAKA: Wiki nzima, dada Neema, na kilichonishika si urefu wake, ni ngozi yake. Ukiiona pichani unadhani ni jiwe moja lililochongwa. Kumbe ndani ni zege lenye nondo, na juu yake vimebandikwa vigae vya jiwe la sabuni, lile jiwe laini la kuchonga, mamilioni, vya pembetatu. Kimoja ukikiweka kiganjani, hakijazi hata upana wa vidole vitatu.

NEEMA: Ilianzaje lakini?

BARAKA: Brazil ilipokuwa jamhuri mwaka 1889, Kanisa likatenganishwa na serikali. Miaka ya 1920 Wakatoliki wa Rio waliona imani inapoa, wakachanga fedha ili Kristo aonekane na jiji zima. Mhandisi Heitor da Silva Costa kwanza alimchora ameshika msalaba na tufe la dunia. Baadaye akaviondoa vyote viwili, mikono ikanyooshwa, mwili wenyewe ukawa msalaba.

NEEMA: Hapo alipatia kweli kweli.

BARAKA: Sana. Paul Landowski, mchongaji wa Ufaransa, akatengeneza kichwa na mikono. Uso ni kazi ya Gheorghe Leonida wa Romania. Uzinduzi ulikuwa tarehe 12 Oktoba 1931. Mita 30, ukiacha msingi wa mita 8.

NEEMA: Turudi kwenye vigae.

BARAKA: Ee. Akina mama wa Rio walijitolea, wakakaa wakivigandisha kimoja kimoja kwenye vitambaa, ndipo vitambaa vikapandishwa mlimani. Na kabla ya kugandisha, wengine waligeuza kigae wakaandika nyuma majina ya wapendwa wao.

NEEMA: Subiri. Majina hayo yamo mpaka leo?

BARAKA: Yamo, yameelekea zege, hakuna macho yanayoyafikia.

NEEMA: Mwili umenisisimka.

BARAKA: Sasa fikiria ukarabati. Pale juu kuna upepo, mvua, chumvi ya bahari, na radi hupiga mara kwa mara. Januari 2014 ilimega ncha ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Mafundi hupanda kwa ngazi zilizo ndani ya sanamu, wakatokea juu kwenye mabega, wakashuka kwa kamba wakikagua nyufa. Ukarabati wa 2010 ulitumia vipande vya jiwe zaidi ya 60,000.

NEEMA: Jiwe lilelile?

BARAKA: La aina ileile, ila lile la rangi ya mwanzo, jeupe-jeupe, limekuwa adimu. Linalopatikana limekoza kidogo. Kwa hiyo kila ukarabati unamfanya awe mweusi kidogo zaidi.

NEEMA: Mimi sioni ubaya. Afadhali kiraka kinachoonekana kuliko kumpaka rangi ya kudanganya macho.

BARAKA: Tuko pamoja. Jiwe liachwe liwe jiwe.

NEEMA: Ila kuna jambo linanisumbua. Fundi ananing'inia kwa kamba, anabandua kigae kilichopasuka. Anakigeuza kwanza?

BARAKA: Mimi ningekigeuza.

NEEMA: Na ukikuta jina?

BARAKA: Ningeliandika nyuma ya kigae kipya, ndipo nikibandike.