Nyumba Hii Haiuzwi: Mhadhara Kuhusu Kigamboni

Ndugu zangu, leo nimekuja kwa miguu. Nimeshuka daladala Kurasini, Dar es Salaam, nikavuka daraja lote la Kigamboni, mita 680, upepo wa mkondo ukinipiga ubavuni. Ndani ya gari unaona barabara tu. Kwa miguu unasoma kuta. Upande wa Vijibweni, palipokuwa na genge la nyanya chini ya mwembe, pana geti la chuma na ukuta wenye vipande vya chupa juu. Jirani yake kuna nyumba ya bati lililoshika kutu, imeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI.

Nakaa hapo kwenye "haiuzwi", maana nimechoka kusikia kwamba wenyeji wa Kigamboni waliuza ardhi yao kwa ujinga. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa mji mpya. Watu wakazuiwa kujenga na kuendeleza, wakae wasubiri fidia. Mzee mmoja, jirani yetu, alikuwa amechimba msingi wa vyumba vitatu kwa ajili ya wanawe. Msingi ukaota majani. Tofali alizofyatua mwenyewe zikaliwa na mvua, masika baada ya masika. Binti akafaulu, ada ikatakiwa, na benki haikumkopesha kwa karatasi ya serikali ya mtaa pasipo hati miliki. Akaja mtu na fedha taslimu, mtu anayeweza kungoja miaka kumi na bado watoto wake wakala. Mzee akauza nusu eka. Mji mpya haukujengwa, lakini Aprili 2016 daraja likafunguliwa, na nusu eka ile ikawa ng'ambo ya barabara ya njia sita badala ya ng'ambo ya pantoni.

"Lakini aliuza kwa hiari yake." Naambiwa hivyo kila nikisimama kusema. Hiari ipi? Umemzuia mtu asijenge, hajalipwa, hajaambiwa mwisho ni lini, halafu unamwita muuzaji huru! Na bei haikupanda kama mchicha baada ya mvua. Ilipandishwa na daraja, na daraja lilijengwa kwa fedha za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na za serikali, yaani michango ya wafanyakazi na kodi ya kila mnunuzi wa sukari. Thamani tumeitia sote. Aliyevuna ni yule aliyeweza kusubiri.

Wala silipingi daraja. Nimezaliwa ng'ambo hii ya Kigamboni, najua uchungu wa mjamzito anayengoja pantoni usiku. Ninachodai ni kwamba mtu asizuiwe kuendeleza eneo lake bila tarehe ya mwisho na bila malipo. Basi.

Dakika zinaniishia na wapangaji sijawagusa. Hawa hawana hata cha kuuza. Mwenye nyumba akipandisha kodi na kutaka ya miezi sita kwa mkupuo, mama ntilie anahamia mbali, na wateja aliowalea miaka yote wanabaki nyuma. Fidia ya hilo haipo. Leseni za makazi, zile karatasi za muda za kukaa kwenye maeneo yasiyopangwa, naziacha, zinahitaji siku yake.

Ila njia ya wavuvi kwenda pwani siiachi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni. Hata hivyo wavuvi wanazunguka fensi na nyavu mabegani. Mheshimiwa diwani, uko hapa, ramani ya mipango miji mnayo: tuonyeshe kabla hatujatoka, njia yao imepita wapi?