Nyasi bandia Tanga: kabla hujatoa hela

ZUHURA: Haya karibuni tena jamani, leo ni makapeti ya kijani, maana siku hizi Tanga hii ukikatiza Raskazone kila mgahawa mpya, kila loji, hadi saluni wametandika nyasi bandia pale mbele, halafu masika ikipita moja tu unaiona imeshachoka, imelala, ina harufu. Mbwana wewe unakaa sana na mafundi wa hizi kazi, hebu tupe.

MBWANA: Asante dada. Yani watu wakifika dukani wanauliza bei kwa mita, wanauliza ipi ndefu ipi laini, basi. Hakuna anayeuliza chini inakaa juu ya nini. Na hapa kwetu kesi nzima iko huko chini.

ZUHURA: Na juani.

MBWANA: Na juani, tutafika huko. Sasa kuna mgahawa mmoja siutaji, mwenyewe alilalamika wateja wanakimbia ile meza ya pembeni, tukainua kona ya kapeti. Dada! Chini ni sakafu ya simenti, flati kabisa, haina mteremko, maji ya mvua na soda na mchuzi vyote vimekaa humo, mgongo wa kapeti mweusi tii na ute kama kambale. Na ule mgongo una vitundu kabisa vya kupitishia maji, lakini yapite yaende wapi wakati chini ni zege?

ZUHURA: Kwahiyo kapeti halina kosa.

MBWANA: Halina. Fundi alipiga gundi juu ya sakafu akachukua chake akaenda. Inavyotakiwa ni unachimba, unaweka kokoto, unashindilia, juu yake kokoto ndogo au vumbi la kokoto, unashindilia tena huku unaacha mteremko kidogo kuelekea mtaroni, ndio unatandika. Kama ni juu ya zege basi zege liwe na mteremko na njia ya kutokea maji. Sasa hapo gharama inapanda na mwenye biashara anaona anaibiwa, mbona jirani kawekewa siku moja tu. Kanda kavu sakafu mbovu inaweza kukuvumilia, pwani hii hewa yenyewe imebeba maji, kitu kikilowa hakikauki leo wala kesho, kuvu wanahamia.

ZUHURA: Na mchanga wa kumwagia juu? Maana nimeona watu wanachota tu ufukweni.

MBWANA: Aah hapana, ule una chumvi, na chumvi inavuta unyevu, ndio umejitafutia balaa. Unaotakiwa ni mchanga wa silika, mkavu, uliooshwa, kazi yake kukandamiza kapeti na kusimamisha zile nyasi. Kuna na zile punje nyeusi za matairi ya zamani zinazowekwa viwanja vya mpira, ukiwa na mgahawa achana nazo kabisa, zinanata miguuni na juani zinanuka. Umoja wa Ulaya wenyewe mwaka 2023 wamepitisha kwamba punje za plastiki na mpira za kujazia viwanja mwisho kuuzwa ni 2031.

ZUHURA: Haya, jua sasa.

MBWANA: Jua ndio watu hawaamini. Hewa nyuzi 32, nyasi bandia iliyo juani inapita 60, mtoto hawezi kukanyaga peku. Ukoka au majani ya pemba unapoa kwa sababu uko hai, unavuta maji chini unayatoa juu kwenye majani, hii ni plastiki, inameza joto tu. Wengine wanasema mwagia maji, sawa, inapoa palepale, ila ndani ya dakika 20 hivi joto limeshapanda tena, halafu kwa hewa yetu hii nzito umejiongezea fukuto.

ZUHURA: Lakini si Marekani huko kwenye joto ndio imeanzia?

MBWANA: Ndio tamu yake hiyo! Iliyoipa jina ni uwanja wa Astrodome kule Houston mwaka 1966, na Houston joto na unyevu kama pwani yetu tu. Ila ule uwanja ulikuwa na paa na viyoyozi. Walianza na nyasi hai, paa linapitisha mwanga, wachezaji wakawa hawauoni mpira juu kwa ule mng'ao, paa likapakwa rangi, nyasi zikakosa jua zikafa, ndio wakaleta plastiki. Yani ilipata umaarufu ikiwa kivulini, sisi tunaitoa tunaianika saa saba mchana.

ZUHURA: Hahaha, nimekuelewa. Kwahiyo veranda, baraza, chini ya turubai.

MBWANA: Hapo weka, inapendeza kweli. Ila angalia vioo pia, haya majengo mapya ya vioo vitupu, kioo kinarudisha jua linaungana mahali pamoja, unakuta mstari wa nyasi umejikunja kama nywele zilizoguswa na pasi. Wenyewe wanadhani feki. Na jiko la mishikaki liwe mbali, kaa moja likidondoka tundu hilo halizibiki, unakata kipande unaunga.

ZUHURA: Kuna mtu katuuliza ana eneo kubwa la wazi mbele ya ofisi, hakuna mti hata mmoja.

MBWANA: Apande pemba, ndio majani ya pwani hayo, chumvi ya bahari yanaivumilia. Kama hela ya nyasi bandia anayo basi aiweke pale mlangoni penye kivuli. Na fundi akimaliza kushindilia, kabla hajatandika, mwenye mali amwage ndoo ya maji palepale asubiri. Yakituama, arudie kazi, na hela ya mwisho isitoke.

ZUHURA: Na fundi akinuna?

MBWANA: Anune tu, Ngamiani mafundi hawajaisha.